Kuleni, Msiningoje

Mimi si mtu wa kushukuru upesi. Mtu akiniletea zawadi huigeuzageuza kwanza nikatafuta kasoro yake, na kwa kawaida siikosi. Kwa hivyo nikikwambia kwamba namshukuru Mungu kwa mchezo wa kompyuta, tena mchezo wa watu wasiokuwapo, wanaoishi katika nyumba isiyokuwapo na kusema lugha asiyoijua mtu yeyote, elewa kwamba limenifika jambo.

Mchezo wenyewe ni wa mjukuu wangu Sanober. Ana miaka kumi na mitano, binti wa mwanangu wa pekee, Aqeel. Kila Jumapili tuktuk humteremsha penye mdomo wa uchochoro wetu hapa Mji wa Kale, akapanda ngazi zangu mbili mbili, akaniamkia, "Salaam aleikum, Dadi," na kabla sijamaliza kumbusu huwa keshafungua kompyuta yake juu ya sanduku la nguo la mama yangu. Kwetu sisi Mabohora, Dadi ni mama wa baba. Mama yake, Sabira, humfuata nyuma akihema na vyombo vya chakula mikononi.

Baba yake hakuwa akija. Tuseme alikuwa akija, lakini si Jumapili na si kula. Alikuja siku za kazi, dakika kumi, akanitengenezea pampu ya maji, akaniletea dawa zangu za presha, akasimama mlangoni na viatu vyake miguuni. Nikimwambia, "Keti ule," hunijibu, "Nimekula, Mama," kisha hushuka. Miaka miwili alikuwa hajatia mkono wake katika sinia langu, na mimi nilikuwa na miaka sitini na saba, na katika dunia hii sikuwa na haja nyingine kubwa kuliko kumwona akila kwangu kabla sijafa.

Labda hujui habari ya sinia. Sisi hatuli kila mtu na sahani yake. Huwekwa sinia moja kubwa juu ya kigoda, watu wakalizunguka chini, kila mmoja mbele ya upande wake. Kwanza huzungushwa chumvi, kila mtu akaonja chembe moja, ndipo watu wakala. Na hakuna anayeanza hadi wote wameketi. Majirani zetu Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Nyumbani kwangu ilikuwa kinyume, asiyekuwapo ndiye tuliyemtazamia mlangoni, hata wali upoe uwe mawe. Nilivyolelewa ndivyo nilivyolea, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Sasa nikweleze lililotokea miaka miwili iliyopita, kama nilivyokuwa nikilieleza wakati ule. Mume wangu Zoher alikuwa fundi wa saa. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa ametuambia ale kidogo kidogo na kwa wakati. Jumapili moja tuliketi mbele ya sinia, Zoher, mimi, Sabira na Sanober, tukimngoja Aqeel, aliyekuwa kazini. Yeye ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na meli hazijui Jumapili. Tulingoja kutoka adhuhuri hadi ikaadhiniwa alasiri. Zoher akasema njaa imempita, akaenda kujilaza. Jua lilipotua nikaenda kumwamsha kwa sala, hakuamka. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ungeweza kusimama siku yoyote, kwa shibe au kwa njaa.

Mimi sikutaka moyo, nilitaka mtu. Siku ya arubaini, nyumba imejaa jamaa, Aqeel aliponyoosha mkono wake kwenye sinia nilisema kwa sauti, kila mtu asikie, "Baba yako alikufa na njaa, akikungoja wewe."

Akaurudisha mkono. Hakunijibu hata neno. Akainuka, akanawa, akashuka ngazi, na tangu siku hiyo ndiyo ikawa "Nimekula, Mama."

Turudi kwenye mchezo. Unaanza na mtu mmoja. Unamtafutia kazi na nyumba, anaoa, anazaa, anazeeka, anakufa, kisha unamshika mwanawe, naye hivyo hivyo. Sanober na wenzake wa shule walikuwa wakishindana nani atafikisha ukoo wake vizazi kumi. Mwenyewe alitaka ukoo huo uwe wetu sisi, kuanzia yule babu wa kwanza aliyetoka Kachi huko Bara Hindi akaja Mombasa na bunda la nguo kichwani. Taabu ni kwamba jina la babu huyo hakuna alijuaye. Zoher alikuwa na saa ya baba yake na saa ya babu yake, lakini majina ya nyuma ya hapo yalikuwa yamepotea. Basi yule mtoto akatoa kichwa dirishani, akamwona Jusab anayekaanga bajia ng'ambo ya uchochoro, akamwita babu wetu Jusab.

"Jusab si wa ukoo wetu!" nikamkemea. "Wala si Bohora!"

"Dadi, ilikuwa lazima nijaze jina," akanijibu.

Habari zikamfikia Jusab, na tangu siku hiyo mzee yule, aliyenizidi miaka mitatu tu, akawa ananiita "mjukuu wangu" mbele ya wateja. Hakukoma mpaka nikamtishia kwamba nitamwambia Sanober amwue. Lakini alikuwa akiniletea bajia za bure, na mkono mtupu haulambwi, nikamvumilia.

Zoher alikuwa kizazi cha tano. Nakumbuka Jumapili Sanober aliponigeuzia kompyuta, akasema, "Dadi, mtazame huyu." Alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe na tumbo dogo. Kofia yetu haimo katika mchezo, kwa hivyo alimvika kofia ya majani ya mkulima wa Ulaya. Kazi ya fundi saa nayo haimo, akamfanya mchoraji wa picha. Nilicheka hadi kanga ikalowa machozi. Kisha nikamwambia, "Mwambie akae karibu na dirisha." Sanober akabonyeza, na mzee yule akaenda akaketi penye dirisha, akaegemeza shavu mkononi kama alivyokuwa akifanya Zoher mwenyewe.

Nilianza kwa kutazama. Wiki ya pili nikawa naelekeza, na wiki ya tatu nikakishika kipanya mwenyewe. Aliniunda na mimi pia, mnene kuliko nilivyo, nikamwambia apunguze, akapunguza. Akaunda na Aqeel, akampa mke na mtoto. Tukawa wote watano ndani ya nyumba yenye roshani ya mbao ambayo Sanober alijitahidi kuifananisha na hii yangu. Nilimpenda mno mtoto yule siku zile. Vijana wengine huwa na haya na wazee wao waliokufa, yeye alikuwa ananirudishia wangu mmoja mmoja.

Ila watu wa mchezo ule hawana adabu ya chakula. Huyu anakula amesimama, yule anachukua sahani na kwenda nayo chooni, wallahi nimeona kwa macho yangu. Aqeel wa mchezoni akirudi kazini hukuta kila mtu keshakula, akala peke yake mbele ya televisheni. Jambo hilo lilinikera kuliko lilivyostahili.

Mwezi wa mitihani, Sabira alimkataza Sanober kuigusa kompyuta. Mtoto hakuwa na imani na kabati ya mama yake, akaileta kwangu iwekwe. "Dadi, uwalishe tu na uwalaze," aliniusia. "Usifanye jambo kubwa." Nikamwapia.

Jumatano, baada ya kusali adhuhuri, niliwafungulia. Nikasema leo nitawafunza hawa kula kama watu. Nikampikisha Hussaina, yaani mimi wa mle ndani, chakula kikubwa. Sinia hamna, nikawawekea meza ndefu. Nikawaketisha mmoja mmoja, Zoher upande wa dirisha. Alibaki Aqeel, aliyekuwa kazini.

Lazima nieleze mchezo unavyokwenda, la sivyo hutaelewa nilichofanya. Mtu wa mle akitaka jambo, alama ndogo hutokea pembeni, sahani kama anataka kula, kitanda kama anataka kulala. Ukiiacha, atafanya anachotaka. Ukiibonyeza, inafutika, naye anasimama kama aliyesahau alichokuwa akikitaka.

Zoher akainuka kujipakulia chakula. Nikaifuta alama yake. "Keti, mzee," nikamwambia kwa mdomo, peke yangu chumbani. "Mtoto yuwaja." Akakaa. Akainuka kwenda kwenye friji, nikaifuta. Akainuka tena, nikaifuta tena. Akaanza kupunga mikono na kushika tumbo, na juu ya kichwa chake ikatokea picha ya chakula. "Waona haraka zako?" nikamwambia. "Maisha yako yote huna subira. Nshakwambia yuwaja." Aqeel hakutokea, na baadaye ndipo nilipotambua kwamba asubuhi ya mle mchezoni nilikuwa nimemwamuru afanye kazi ya ziada. Nilimfutia mzee yule mara sita. Mara ya saba hakuinuka kwenda kwenye friji. Alianguka chini, karibu na dirisha.

Waliobaki wakaacha viti, wakamzunguka wakilia. Chakula changu kilikuwa bado mezani, kizima, kimeanza kutoa moshi wa kijani wa kuoza.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kipanya. Niliutazama mkono ule, na ndipo nilipoiona Jumapili ile kama ilivyokuwa, si kama nilivyokuwa nikiieleza.

Sasa nieleze ile nyingine, ya kweli. Siku ile, kabla ya saa saba, simu yangu ililia, nikaenda kuipokea jikoni. Alikuwa Aqeel. Nyuma yake nilisikia honi za malori. Akasema, "Mama, nimekwama Shimanzi, malori hayasogei mbele wala nyuma. Kuleni, msiningoje." Nilimwambia vyema. Nikarudi kwenye sinia, nikawaambia wenzangu, "Yuwaja sasa hivi, yuko njiani." Sikuona kwamba ni uongo. Nilijua wakisikia atachelewa wataanza, na nyumbani kwangu hakuna anayeanza.

Na baadaye kidogo Zoher alinyoosha mkono. Aliniambia, "Hussaina, tuanze. Kijana atatukuta." Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye chumvi. Nikaushika mkono wake, nikaurudisha mapajani kwake, nikampiga kofi dogo la mzaha juu yake kama apigwavyo mtoto. Akanicheka. Alinyoosha tena mara nyingine, nikamtupia jicho. Hakunyoosha tena.

Miaka miwili nilikuwa nimeizika ile simu na mkono ule pahali pamoja. Sijui nilifanyaje, lakini niliweza. Mtu akitaka kutojua jambo huwa na nguvu ajabu. Niliifunga kompyuta, nikalia hadi Jusab akaniita kutoka chini kuuliza kama ni mgonjwa.

Jumapili Sanober alikuja, mitihani imekwisha. Nilikuwa nimeketi juu ya sanduku, nimeiweka kompyuta mapajani kama mtu aliyeshikwa na kidhibiti cha wizi.

"Nimemwua babu yako," nikamwambia.

Aliifungua, akatazama, akakunja uso. "Kwa njaa? Dadi, hawa hawafi na njaa upesi hivyo. Na chakula kipo mezani. Kwani hukumwacha ale?"

"Sikumwacha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka wamngoje baba yako."

Mtoto yule akanitazama. Siku ile ya kweli alikuwapo, alikuwa na miaka kumi na mitatu, ameketi mkono wa kulia wa babu yake, na wala mkono wangu haukumpita machoni. Niliona usoni mwake kwamba alikuwa akikumbuka, na kwamba alikuwa amekumbuka miaka yote miwili, akaja kwangu kila Jumapili na kunibusu vilevile. Aliniegemea bega, akasema polepole, "Dadi, nilihifadhi mchezo kabla sijakuachia. Tunaweza kurudi nyuma. Tutamkuta hai."

Nilitaka. Sitasema uongo, nilitaka mpaka meno yakaniuma.

"Bado," nikamwambia. "Kwanza nikaseme na baba yako."

Jumatatu nilivaa rida yangu nzuri, vazi letu wanawake wa Kibohora, nikamwita Kitsao, dereva wa tuktuk anayetuchukua sote wa uchochoro huu, nikamwambia anipeleke Kilindini. Akanitazama kupitia kioo. "Mama Hussaina, huko kwa malori? Kuna nini?"

"Nina mzigo wa kutoa," nikamjibu, akacheka, akaondoa chombo chake. Tulikaa nyuma ya makontena kutwa nzima, au ndivyo nilivyoona. Kila lori likisimama nilijiambia kwamba siku ile naye alikaa hivi hivi, na mimi nikajifanya sijui.

Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya ngazi za chuma. Nilimkuta mwenziwe, Nicodemus, mtu wa bara, mpole, mwenye mvi mapema. Aliinuka akafuta kiti kwa leso yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Aqeel yuko?"

"Yuko huko gatini, anarudi sasa hivi. Karibu chakula." Mbele yake palikuwa na ugali na samaki, nusu umeliwa. Akaona haya. "Samahani, mama, nimeanza. Ni yeye anataka hivyo. Kila siku ananiambia, 'Anza, Nicodemus, usiningoje.' Miaka miwili sasa. Zamani tulikuwa tunangojana. Siku hizi akinikuta nimemngoja anakasirika kabisa, na si mtu wa hasira."

Niliushika ukingo wa kiti. Nicodemus akadhani ni joto, akanielekezea feni.

Aqeel akaingia na koti lake la manjano la bandarini, jasho limemlowesha. Aliponiona rangi ilimtoka. "Mama? Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Njoo nje."

Tukasimama kwenye ngazi za chuma, chini yetu malori yakinguruma. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ndani ya tuktuk, yote yakapotea.

"Siku ile ulinipigia simu," nikamwambia.

Akatazama pembeni. "Mama, yawache hayo."

"Siyawachi. Uliniambia nini?"

"Mama."

"Sema, Aqeel. Nataka kusikia."

Akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema kuleni, msiningoje."

"Na mimi niliwaambia yuwaja, yuko njiani. Baba yako alinyoosha mkono kwenye chumvi, mimi nikaushika. Mara mbili. Si wewe uliyemzuia, ni mimi. Kisha nikakuvika wewe lawama mbele ya watu." Nilikuwa nikilia, na pua ilikuwa ikinitoka, na wala sikujali. "Wewe ulikuwa wajua. Siku ile ya arubaini neno moja lingekutosha. Ungesema tu, 'Nilikupigia simu.' Mbona hukusema?"

Aliniangalia kama ninauliza jambo ambalo kila mtu analijua. "Ulikuwa umeshampoteza Baba," akasema. "Nikuongezee na hilo?"

Nimeishi miaka sitini na saba na sijapata kuambiwa neno lililonitia aibu na kunipa raha kwa pamoja kama lile. Mwanangu alibeba mzigo wangu mbele ya ukoo mzima, akashuka nao ngazi, akakaa nao, na kila wiki akapanda kunitengenezea pampu. Nikamwambia, "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe." Akanishika mikono yote miwili, akaibusu, akaiweka machoni pake.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Ila kula ndiko kulikonishinda. Nikitazama sinia, koo lanifunga."

"Jumapili njoo," nikamwambia. "Koo likifunga, utaketi tu."

Nilirudi nyumbani nikaichukua simu. Nilimtukana mbele ya watu, basi sikuona njia ya kumsafisha chini chini. Niliwapigia jamaa wote waliokuwapo siku ya arubaini, mmoja mmoja, nikawaeleza habari ya simu na habari ya mkono. Wawili walijifanya hawakumbuki, mmoja alikuwa amesahau kweli, ikabidi nianze kumtukanisha mwanangu upya ili nipate kumsafisha. Shemeji yangu mkubwa alisema tu, "Ahsante kwa kunambia, Hussaina." Nilitegemea lawama, nikapata ahsante. Nimeihifadhi.

Jumapili ikafika. Nilipika wali wa dengu, alioupenda Zoher. Sanober alikuja mapema, na kabla hatujaandaa chakula akaniuliza, "Dadi, tumrudishe?"

"Mrudishe."

Akabonyeza hapa na pale, na nyumba yetu ikatokea tena, roshani, meza, na Zoher ameketi penye dirisha na kofia yake ya majani, hajui lolote lililompata. Tulimtazama. Baada ya kitambo ile alama ya sahani ikatokea pembeni. Sanober akanitazama mimi.

"Asiguse mtu," nikasema.

Mzee akainuka, akafungua friji, akatoa sahani, akala amesimama katikati ya jikoni, bila adabu yoyote, na makombo yakimwangukia ndevuni. Sijapata kumwona mtu akila vizuri vile.

Saa saba sinia lilikuwa juu ya kigoda. Sabira upande mmoja, Sanober wa pili, mimi wa tatu, na wa nne mtupu. Simu yangu ikalia. Safari hii niliipokea pale pale, nikaifungua sauti ili wote wasikie.

"Mama," akasema Aqeel, na nyuma yake nikasikia honi, "meli imechelewa kufunga gati, ndiyo kwanza natoka. Kuleni, msiningoje." Kisha, kama aliyeogopa, akaongeza, "Nitakuja. Wallahi nitakuja."

"Vyema, mwanangu," nikamwambia. "Twala."

Sabira aliniangalia. Amekuwa mkwe wangu miaka kumi na saba na hajapata kuniona nikifungua chakula mtu hayupo. Nilikitwaa kikopo cha chumvi. Chembe zikanimwagikia kwenye mkeka. Nikaonja, nikampa Sabira, akaonja, akampa Sanober. Nikasema bismillahi, nikatia mkono. Tonge la kwanza lilikuwa gumu kumeza. La pili lilikuwa afadhali. Wali ulikuwa wa moto, na nikatambua kwamba sikumbuki lini mara ya mwisho nilikula wali wa moto nyumbani mwangu mwenyewe.

Tulikula kila mtu upande wake, ule wa nne tukauwacha haujaguswa. Tulikuwa tumefika kwenye embe niliposikia viatu vya bandarini kwenye ngazi. Kuvivua kwake kulichukua muda. Kisha akasimama mlangoni, miguu mitupu, koti la manjano mkononi, akilitazama sinia lililomong'onyoka pande tatu.

"Mshaanza?" akauliza.

"Tushaanza kitambo," nikamwambia. "Kwani wewe nani hata ungojwe?"

Kwanza hakuamini alichosikia. Kisha akacheka, kicheko cha baba yake, kile kinachoanzia puani, akaja akaketi mahali pake, magoti yake yakagusana na yangu. Nikamsogezea chumvi. Akaonja, akanyoosha mkono, na hakuna aliyeushika, akala.